Kisanduku Namba Tatu

Jumatatu, 10 Februari

Daftari hili nimepewa na Aneth, mtoto wa marehemu dada yangu Brigitha. Kasema niandike kila siku mistari miwili tu: taa ya kisanduku inakonyeza au haikonyezi, mvua imenyesha au haikunyesha. Mwisho wa mavuno atakuja kulisoma. Nimemwambia sawa, lakini naandika mapema ili asije akashangaa: mimi Gaudensi si mtu wa mistari miwili. Shule niliiacha darasa la tano, na siyo kwamba ilinishinda. Mwalimu alikiri mwenyewe kwamba hana tena cha kunifundisha.

Basi mambo yako hivi. Kule kwenye kona ya mto kuna kompyuta ndani ya sanduku la chuma, inapima kina cha maji. Ofisi ya kikundi chetu cha wakulima, mjini Mlabani, kuna kompyuta nyingine. Ndani ya kila moja kuna roboti. Nilipoambiwa roboti wanaletwa nilivaa shati la kanisani nikaenda kuwapokea. Kumbe hawana hata kidole. Ni maandishi yanayojiendesha yenyewe humo ndani, yanatumiana ujumbe mchana na usiku bila mtu kuyagusa. Na kwa kuwa huku bondeni simu haishiki, Aneth amepanga visanduku vitano kutoka mtoni hadi mjini, kila kimoja na sola yake na antena yake. Kimoja kinapokea kwa jirani, kinampa jirani wa pili, hadi ujumbe unafika. Namba moja na mbili ziko upande wa mto, nne na tano upande wa mji. Tatu ni yangu. Imefungwa juu ya mwanzi mrefu, na mwanzi umefungwa kwenye mguu wa dungu langu hili ninalolala juu yake msimu mzima nikilinda mpunga. Bonde zima hakuna kitu kirefu kuliko huo mwanzi, ukiacha milima ya Udzungwa.

Nilimuuliza kama nitakuwa nasikia wanachosema. Akasema hapana, ujumbe umefungwa. Ufunguo uko kwenye kompyuta mbili zile na kwenye simu yake, basi. Kisanduku changu kinabeba bila kufungua. Ujanani nilibeba barua za mapenzi za nusu ya Ifakara kwa baiskeli, na hakuna hata moja niliyobeba bila kuijua.

Kabla hajaondoka akanionya nisifunge kitu chochote kwenye mwanzi ule, hata nguo ya kuanika. Akasema namba mbili ikilala, moja inairuka inanipata mimi, na nne ikilala hivyo hivyo, lakini pande zangu zote ni matete marefu. Mimi nikilala hakuna wa kuniruka. Mto wote unakuwa bubu.

Taa inakonyeza. Mvua hakuna.

Alhamisi, 13 Februari

Taa inakonyeza. Manyunyu.

Jumapili, 16 Februari

Amekuja Kija, jirani yangu, Msukuma wa watu, shamba lake liko chini zaidi kuelekea mtoni. Anaishi huko na mama yake, bibi Sayi, mwanamke mdogo kama mtoto wa darasa la tatu lakini ukimpa jembe utaona aibu. Kija alisimama muda mrefu akiitazama taa, kisha akauliza wanasema nini hao.

Ningeweza kumwambia ujumbe umefungwa. Ila mtu ametembea nusu saa kwenye tope. Nikamwambia wanasema mengi, na kwamba sikio langu limeshaanza kuwazoea. Akauliza leo wamesema nini. Nikatega sikio kidogo, nikamwambia roboti wa mtoni analalamika mgongo, maji ni mazito mwaka huu, na wa mjini anamwambia vumilia. Kija akatikisa kichwa kwa heshima. Nikamalizia na ile habari ya kiboko, jinsi alivyonijia nikiwa na miaka kumi na mitatu, nikamtazama machoni, nikamwambia rudi kwenu, naye akarudi.

Taa inakonyeza. Mvua ya jioni, ya kiasi.

Jumatano, 26 Februari

Sasa wanakuja watu. Jana wanne. Wote wanauliza roboti wanasemaje. Nawaambia ninachokiona angani na ninachokijua kuhusu mto huu kwa miaka hamsini, ila nakiweka mdomoni mwa roboti. Nikisema mimi Gaudensi wanacheka. Nikisema ni roboti, wanaandika.

Taa inakonyeza. Mvua kubwa.

Jumatano, 5 Machi

Nimetoka Kibaoni, kule kwetu nchi kavu, kupakwa majivu. Mke wangu Restuta kanishika mkono nje ya kanisa, anauliza ni kweli nawaambia watu nasikia mashine. Nikasema kwa namna fulani. Akasema, "Gaudensi, hata mimi hunisikii nikikaa mbele yako."

Taa inakonyeza. Mvua.

Jumapili, 16 Machi

Aneth kaja kukagua. Kapanda mwanzi kama tumbili, vilevile alivyokuwa akipanda mgongoni kwangu nilipomchukua ana miaka tisa, mwaka aliofariki mama yake. Kashuka, kasema kisanduku changu ndicho safi kuliko vyote. Nimeficha furaha, nikamwambia ni kawaida yangu. Kala wali na perege, kanywa chai vikombe vitatu. Ana macho ya Brigitha kabisa, hasa akiwa anapuliza chai.

Hakulisoma daftari. Kasema anasubiri mavuno.

Taa inakonyeza. Mvua usiku.

Jumamosi, 29 Machi

Mpunga umeanza kuingiza maziwa na kweleakwelea wamefika. Si ndege wale, ni wingu lenye midomo. Kuanzia alfajiri naamia, napiga makopo, natupa udongo, sauti imekauka. Kamba zangu za makopo zimefungwa kwenye dungu, lakini dungu ni fupi, kamba zinalala juu ya mpunga, ukivuta hazisikiki mbali.

Nimekaa nikatazama. Kitu kirefu kipo kimoja tu.

Jumapili, 30 Machi

Kamba kumi na tatu kutoka juu ya mwanzi hadi pembe zote za shamba, kila kamba na makopo yake. Navuta moja, shamba zima linalia. Ndege wamehamia kwa wengine. Watu wamekuja kuangalia, nikawaambia ni maelekezo ya roboti.

Nitazitoa kabla Aneth hajaja. Mwanzi ni imara.

Taa inakonyeza. Mvua kubwa na upepo.

Jumatano, 2 Aprili

Taa inakonyeza. Mvua.

Alhamisi, 3 Aprili

Taa inakonyeza. Mvua kubwa.

Ijumaa, 4 Aprili

Kija kapita akiwa na mfuko. Binti yake kajifungua Mang'ula, anakwenda kumwona mjukuu. Akauliza: ampeleke kwanza bibi Sayi Kibaoni, au amwache shambani aendelee kuamia? Ameangalia juu kwenye kisanduku, si kwangu.

Nikamwambia amwache. Roboti wamenyamaza siku ya tatu hii. Mto ungekuwa na neno wangelisema.

Akanishukuru kwa mikono miwili, akaenda.

Taa inakonyeza. Mvua.

Jumatatu, 7 Aprili

Leo naandika mengi, na polepole, maana mkono wa kulia hauinuki. Nimeegemeza kiwiko kwenye goti.

Kwanza hili. Taa haikukonyeza Jumatano. Wala Alhamisi, wala Ijumaa, wala Jumamosi. Siku tatu za kwanza niliandika inakonyeza. Jumatano niliona imekuwa nyekundu, imetulia, nikajisemea ni wingu, sola imekosa jua, itaamka yenyewe. Kumbe zile kamba, kila nilipovuta ili kufukuza ndege nilikuwa navuta na mwanzi. Ulipinda kidogo kidogo, ukapata ufa chini, kisanduku kikateremka nyuma ya paa la nyasi. Nilikiona kimeinama. Ningepanda kukinyoosha, ningelazimika kukata kamba, na ndege walikuwa wengi. Na ningelazimika kukubali.

Jana Jumapili niliamka nikakuta maji kwenye mstari wa kwanza wa mpunga, rangi ya chai ya maziwa, yanatembea bila kelele. Upande wa Kija sikuona shamba. Niliona maji na vichwa vya matete.

Mtumbwi wangu niliouvumisha kila mahali, ule wa kuvuka mto nikiwa nimefumba macho, umelala kwenye matete tangu mwaka juzi. Umeoza. Hakuna anayejua.

Nilikuwa bado nimesimama pale mguuni pa dungu wakati Aneth alipotokea kwenye tuta, anasukuma baiskeli, kaloa hadi kiunoni. Shikamoo yake ilikuwa fupi. Alitazama juu, akaziona kamba zote kumi na tatu na makopo yake. Nilisubiri anitukane. Alitoa kisu mfukoni akapanda dungu na kuanza kuzikata moja moja, na kila moja ilianguka na kelele zake.

Alipomaliza ndipo aliposema. Ofisi ilipoteza sauti ya mto tangu Jumatano. Alianza kukagua namba tano, Ijumaa akakagua namba nne, Jumamosi njia ikamshinda.

"Ya tatu niliiacha mwisho, mjomba," alisema. "Kwa sababu upo wewe."

Akauliza kama nilijua taa imeacha kukonyeza.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Jumatano. Na bibi Sayi yuko kule chini peke yake. Kija alitaka kumtoa, nikamwambia amwache. Nikamwambia roboti wamesema."

Alifunga kisu akakirudisha mfukoni. Kisha akasema, "Basi shika huo mwanzi."

Ufa ulikuwa chini, mwanzi haukuweza tena kusimama wenyewe, na udongo umekuwa uji, hakuna shimo lingeushika. Nilipanda kwenye sakafu ya dungu, nikaukumbatia mwanzi, nikauinua pamoja na kisanduku hadi kikapita paa. Aneth alikaa miguuni pangu, kajifunika nailoni, simu mapajani.

Taa ikakonyeza. Ikakonyeza tena. Ikawa haiachi, kama mtu aliyebanwa na maneno siku nne.

Kompyuta ya mtoni ilikuwa imeyatunza yote. Aneth alinisomea, maana nilimwomba. Mimi nilidhani nitasikia mambo makubwa. Ilikuwa hivi: Nipo, maji mita moja na robo, unanisikia? Nipo, maji mita moja na nusu, unanisikia? Kila robo saa, siku nne, mchana na usiku. Nipo. Unanisikia? Na ya ofisini nayo ilikuwa inauliza upande wake: Nipo, mbona kimya? Zimekaa siku nne zinaitana, na katikati yao nimesimama mimi na makopo.

Ujumbe wa mwisho ulisema maji bado yanapanda na kilele kitafika kama saa nane mchana. Ilikuwa saa tatu na nusu asubuhi. Aneth akaandika kwa ofisi: bibi Sayi yuko dungu la Kija, na kuna madungu mengine kumi kule chini, leteni mitumbwi. Majibu yalipita juu ya kichwa changu, nikayaona kwa taa, Aneth akanisomea. Viktor, mvuvi, ametoka na wenzake wawili. Msiache kututumia kina cha maji, ndicho tunachokifuata.

Nilimwambia Aneth ashike mwanzi, mimi nishuke nikaogelee hadi kwa bibi Sayi. Nilisema hivyo kwa sauti kubwa. Akauliza taratibu, bila kunitazama, "Unajua kuogelea, mjomba?"

Nikasema hapana.

"Ukiushusha tunakuwa bubu tena. Kaa hapo."

Nikakaa hapo. Maisha yangu yote nimesimulia nilivyokimbia, nilivyopiga mbizi, nilivyorusha mkuki. Jana nilisimama mahali pamoja tangu saa tatu na nusu hadi saa tisa nimeshika mti, mvua inaniingia masikioni, na sikuruhusiwa hata kujikuna. Saa sita mkono wa kulia ulianza kutetemeka na kisanduku kikatetemeka nao. Aneth akainuka, akaegemeza bega lake chini ya mkono wangu.

"Nihadithie ya kiboko," akasema. "Usilale."

Nikaanza kama siku zote, kwamba nilimtazama machoni. Nikashindwa kuendelea. Nikamwambia ilivyokuwa. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, nilipanda juu ya kichuguu, maji yamekizunguka, na kiboko amekaa hapo chini wala hana habari na mimi. Nililia hadi nikatapika. Aliyekuja ni mama yake Aneth, Brigitha, ana miaka kumi na mitano, kwenye mtumbwi wa watu, anapiga kasia kwa ubao wa kitanda alioung'oa nyumbani. Njia nzima alikuwa akiniita: Gaude, nipo, unanisikia? Nami nilishindwa kumjibu kwa kilio. Nyumbani tulipofika aliwaambia wazee kwamba nilimfukuza kiboko. Alianza yeye uongo huo, ili nisichekwe. Mimi nimeuendeleza tu.

Bega la Aneth lilibaki pale pale chini ya mkono wangu, na nilihisi linatikisika.

Saa tisa mtumbwi wa Viktor ukatoka kwenye matete. Bibi Sayi alikuwa amekaa katikati, kanga kichwani, amepakata mitetea wawili na sufuria. Maji yalikuwa yamefika kwenye sakafu ya dungu lao, akapanda juu ya paa. Walipopita chini yangu akainua uso.

"Ng'wanawane," akaniita, yaani mwanangu, "hao roboti wako, wanajua kuogelea?"

Nilitaka kucheka, nikalia. Nilikuwa bado sijaachia mwanzi.

Jumanne, 8 Aprili

Aneth kasimamisha mti mpya, wa mkuyati, siyo mwanzi. Nimechimba shimo kwa mkono wa kushoto. Hakuna tulichosema juu ya kamba.

Taa inakonyeza kweli. Mvua.

Jumatano, 9 Aprili

Kija karudi. Nilimfuata hadi Kibaoni alikohifadhiwa mama yake, nikamweleza yote mbele ya watu, kwamba sijawahi kusikia roboti hata siku moja. Hakugomba. Aliniangalia, akaingia ndani, akafunga mlango.

Taa inakonyeza. Mvua.

Ijumaa, 11 Aprili

Kija kapita kwenye tuta langu. Hakunisalimia. Taa inakonyeza. Mvua.

Jumanne, 15 Aprili

Kija hakunisalimia. Taa inakonyeza. Mvua ndogo.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Kanisani nilikaa benchi la nyuma. Watu wawili wameniuliza roboti wanasemaje, kwa kunikejeli. Nilikuwa na jibu zuri sana la kuwanyamazisha, lingekumbukwa miaka kumi. Nimeondoka nalo.

Taa inakonyeza. Jua.

Jumamosi, 10 Mei

Maji yameshuka. Shamba la Kija, nusu ya chini imelala na kuoza, nusu ya juu imepona. Langu limepona karibu lote. Ndege wamekula sehemu, waache wale.

Kija hakunisalimia. Taa inakonyeza.

Alhamisi, 22 Mei

Nimeingia shambani kwa Kija na mundu wangu bila kualikwa, nikaanza kuvuna upande wa magharibi. Yeye alikuwa upande wa mashariki. Hakunifukuza. Siku nzima tumevuna, mgongo kwa mgongo.

Taa inakonyeza.

Ijumaa, 23 Mei

Vilevile. Mchana bibi Sayi kaniletea wali mpya, kauweka chini ya mti, kaondoka.

Taa inakonyeza.

Jumamosi, 24 Mei

Saa kumi tulikutana katikati ya shamba, mpunga umeisha, hakuna tena pa kugeuzia uso. Kija akafuta mundu kwenye suruali. Akatazama kule kwenye mti wangu, taa inaonekana hata mchana ukiijua.

"Kaka Gaudensi," akasema, "roboti wanasemaje leo?"

"Sijui, Kija. Ujumbe umefungwa. Mimi nabeba tu."

Akaanza kucheka, cheko la tumboni, hadi akachuchumaa. Akasema mama yake alijua tangu Februari. Alimwambia mtu anayesikia mashine za mtoni asingekuwa anauliza kila mpita njia saa ngapi. Basi kwa nini, nikamuuliza, kwa nini alinisikiliza mimi?

"Nilidhani mama anakuonea," akasema. Kisha akanipa mkono. "Za tangu siku zile, kaka."

Nikamwambia nzuri. Mkono ulikuwa ule wa kulia, na umeinuka.

Taa inakonyeza.

Alhamisi, 12 Juni

Aneth kaja kuchukua daftari. Nilifikiri kuzichana zile kurasa za Aprili, au kuandika upya tarehe mbili, tatu na nne kwa kalamu nyeusi zaidi. Nimeziacha. Uongo uko pale ulipo, na ukweli uko kurasa mbele yake.

Kasoma amekaa kwenye ngazi ya dungu, tangu wali ulipoiva hadi ulipopoa. Alipofika pale kwenye kichuguu akarudi nyuma, akapasoma tena, nikaona anapaweka kidole. Kasema mama yake hakuwahi kumsimulia. Nikasema asingeweza, alikuwa ameniahidi.

Wiki ijayo anakwenda Mang'ula kupanga visanduku vingine, atakaa mwaka. Nilimuuliza kama safari hii atamtafuta mtu aliyesoma wa kulinda namba tatu. Akafungua ukurasa huu, akanirudishia daftari pamoja na kalamu yake.

"Mistari miwili, mjomba," akasema.

Ijumaa, 13 Juni

Taa inakonyeza. Mvua hakuna.

Nipo.